Maji Kama Pamba, Pwani ya Msuka

Pemba haina maporomoko ya kuwekwa kwenye kalenda. Anayeyataka avuke bahari, apande hadi Materuni, juu ya Moshi, ambako maji huporomoka mita zipatazo 80. Hata hivyo ile picha inayotamaniwa na kila mgeni wa Materuni, ya maji yaliyolainika kama pamba iliyochambuliwa, hupatikana pia kwenye miamba ya matumbawe kati ya Msuka na Ras Kigomasha, pale wimbi linapopanda jiwe kisha likachuruzika kurudi baharini.

Kazi yote iko kwenye muda ambao shata hubaki wazi. Kwa 1/500 ya sekunde kila tone huganda hewani, na maji huonekana kama chupa iliyovunjika. Kwa nusu sekunde tone lilelile huacha mstari. Wengi hawaishii hapo. Huenda hadi sekunde kumi. Materuni hustahimili, kwani maji yake hayakatiki. Wimbi la Msuka limeshakuja na kuondoka mara kadhaa, na kinachobaki ni ukungu usio na umbo. Nusu sekunde yatosha, na shata ifunguliwe wimbi linapoanza kurudi, si linapopiga.

Kikwazo ni jua. Adhuhuri, kwa ISO 100 na tundu la lenzi f/16, kamera hutaka takriban 1/125. Kufika nusu sekunde ni kuzidisha mwanga mara 64: picha itatoka nyeupe kama kanzu ya Idi. Mwenye fedha hununua filta nyeusi. Asiye nazo husubiri magharibi, ila asizubae. Huku karibu na ikweta kiza hakibishi hodi.

Bahari nayo ina saa zake. Siku za bamvua maji hujaa mnamo saa kumi alasiri, hivyo jua likizama yanatoka, na miamba inachomoza ikiwa bado imelowa. Wavuvi huisoma hesabu hii kwenye mwezi; kuwauliza ni rahisi kuliko kuhangaika na programu ya simu. Jiwe lenyewe lina makali, ndala hazifai.

Stendi nyepesi ni hasara tupu kusi likivuma, isipokuwa ikitundikiwa mfuko wa mchanga. Kidole nacho hutikisa kamera, bora kipima muda cha sekunde 2. Ule mnara wa taa wa chuma wa Kigomasha ukiingia pichani, ndio utazamwe kwanza: ukitoka na kingo mbili, kamera ilisogea.