Nakshi za Bunduki za Kuwindia

Bunduki ni chombo ambacho kazi yake huonekana mbali na uzuri wake huonekana karibu. Risasi hufika mahali ambapo mkono haufiki. Lakini nakshi iliyokatwa ubavuni mwa mtambo wake haisomwi ila na yule aishikaye, pamoja na rafiki aliyeruhusiwa kuinama akaitazama. Kwa sababu hiyo sanaa hii imepata mashabiki na maadui, lakini haikupata wahakiki wengi. Wapendao silaha wameisifu bila kiasi, na wachukiao silaha wameikataa bila kuitazama. Kazi ya mhakiki ni kutazama kwanza na kupima baadaye.

Ufundi wenyewe ni mgumu kuliko ionekanavyo. Chuma cha mtambo huchorwa kingali laini. Fundi hushika kalamu ya chuma kigumu iliyonolewa ncha, akaisukuma kwa kiganja au akaigonga kwa nyundo ndogo, na kila msukumo huondoa uzi mwembamba wa chuma. Nakshi ikiisha, vipande hufungiwa katika sanduku pamoja na mkaa wa mifupa na wa miti, vikatiwa moto mkali, kisha vikatumbukizwa majini. Hapo uso wa chuma huwa mgumu hata tupa isiuume, na hupata rangi za buluu, kahawia na kijivu zilizochanganyika kama mafuta juu ya maji. Baada ya hapo hapana kusahihisha. Mshairi aweza kufuta mstari wake. Mkata nakshi amekwisha kuufunga wake kwa moto.

Katika London, nyumba za James Purdey na Holland & Holland zilijipatia sifa kwa mizunguko ya majani na vikonyo: ya kwanza kwa maua madogo ya waridi yaliyosongamana, ya pili kwa majani mapana yenye kina. Mizunguko hiyo si pambo tupu. Chuma kilichosuguliwa kikaachwa wazi hung'aa juani na kuonyesha kila mkwaruzo. Mikato midogo huvunja mng'ao huo na huhifadhi mafuta yazuiayo kutu. Tena mstari hufuata umbo: hujipinda palipojipinda chuma, na hukoma pale mtambo unapofunguka. Hapa uzuri umekubali kuwa mtumishi, wala haukupoteza heshima yake.

Hoja hiyo si ngeni kwa Waswahili. Lugha yao imehifadhi majina ya bunduki za fatila, za gumegume na za fataki, na imehifadhi pia jina la ufundi wa kutia njumu. Bunduki ndefu za fatila za Oman zilifungwa mtutu na mti wake kwa pete za madini, na mwenye mali alizitaka pete hizo ziwe za fedha. Mtazamaji huona pambo. Fundi huona kifungo. Zivuliwe pete hizo, na mtutu utaachana na mti. Ni vigumu kupata mfano bora wa pambo ambalo halisemi zaidi ya linalotenda.

Lakini wenye bunduki hawakuridhika na majani. Walitaka wanyama: kanga wa Ulaya akiruka kichakani, mbwa aliyeinua mguu, na kwa bunduki zilizokusudiwa Afrika, tembo, nyati, simba na faru. Huko Gardone Val Trompia, katika Italia, mafundi waliufikisha mtindo huu kileleni kwa kazi iitwayo bulino, ambamo mnyama hujengwa kwa nukta na mikato midogo mno, inayokatwa chini ya kioo cha kukuzia. Manyoya huhesabika, na jicho huwa na unyevu. Ustadi huo haukanushiki. Walakini ndipo shaka inapoanzia. Chuma kimelazimishwa kujifanya karatasi, na mnyama amewekwa hai, mtulivu, asiyejua lolote, juu ya chombo kilichotengenezwa ili asiwe hivyo.

Mfano mashuhuri wa utata huu ulipita katika nchi hizi. Theodore Roosevelt alipotoka katika urais wa Marekani mwaka 1909 na kuja kuwinda Afrika Mashariki, alikuwa na bunduki ya mitutu miwili ya Holland & Holland, iliyochorwa muhuri wa urais. Waliompa ni Waingereza zaidi ya 50, nao walimpa kwa kumshukuru kwa juhudi zake za kuhifadhi wanyama na misitu. Desemba ya mwaka huo alilivuka Ziwa Victoria kutoka Kisumu hadi Entebbe. Mwisho wa safari, yeye na mwanawe Kermit walihesabu wanyama 512 waliowaua, wengi wao kwa ajili ya makumbusho ya Washington. Hapana sababu ya kumwita mtu huyo mnafiki. Aliandika hesabu yake waziwazi. Lakini hesabu hiyo imo kitabuni mwake, haimo katika nakshi. Muhuri ule ulitaja cheo cha mshikaji, ukanyamaza juu ya kazi ya kilichoshikwa.

Ng'ambo ya kusini ya ziwa lilo hilo, katika Usukuma, palikuwa na njia nyingine. Si mbali na Buswelu, huko Kisesa, Makumbusho ya Bujora yanahifadhi kumbukumbu za vyama vya ngoma vya Wasukuma. Kimoja cha vyama hivyo ni cha banunguli, wawindaji wa nungunungu, waliomfuata mharibifu huyo wa mazao hadi shimoni mwake. Jina la chama limetokana na mnyama mwenyewe, na mcheza ngoma alijulikana kuwa ndiye muuaji. Pambo lao lilikuwa katika mwili na wimbo, nalo halikuficha deni. Aliyetazama ngoma hiyo Buswelu hakuweza kudhani kwamba nungunungu alikuwa salama.

Huenda ikajibiwa kwamba sura ya mnyama aliye hai ni heshima ya mwindaji kwa mnyama wake, na kwamba kuchora damu kungekuwa ushenzi. Jibu hilo lina uzito, lakini halitoshi. Hakuna atakaye damu. Jani la London halichori damu, wala pete ya Oman. Navyo havikusema uongo, kwa kuwa havikudai kusimulia habari za porini. Picha ya mnyama imedai kusimulia, nayo ikachagua nusu ya habari. Tena nusu hiyo imezidi kupungua. Serengeti, iliyotangazwa hifadhi mwaka 1951 na ambayo ukanda wake wa magharibi unakaribia Ghuba ya Speke, ilipoteza karibu faru wake wote kwa majangili katika miaka ya 1970 na 1980. Faru amepata makao ya amani zaidi katika chuma cha bunduki kuliko katika nchi yake.

Basi mwanafunzi wa sanaa asiache kuistaajabia kazi ya bulino. Mkono uliofanya vile unastahili salamu. Lakini ustadi ni swali la kwanza, si la mwisho. Swali la pili ni kama pambo limekiri kazi ya chombo lililokaa juu yake. Kwa kipimo hicho, pete ya fedha isiyo na picha yoyote yaweza kuwa na ukweli mwingi kuliko tembo aliyechorwa hata kope zake zikahesabika.