Akupancha Kwenye Mizani: Jinsi Jaribio la Ujerumani Lilivyopangwa

Tiba asilia ya Kichina inafundisha kwamba mwilini hupita nguvu ya uhai iitwayo qi, ambayo hufuata mikondo maalumu, na kwamba maradhi huzuka pale nguvu hiyo inapokwama au kupungua. Ndiyo maana mtaalamu wa akupancha, yaani tiba ya kuchoma sindano nyembamba mwilini, huchagua nukta fulani juu ya mikondo hiyo ili kuirudisha qi katika mwendo wake. Uchaguzi huo haukuachiwa kubahatisha, kwani mwanzoni mwa karne ya 11, enzi ya nasaba ya Song, tabibu Wang Weiyi alisimamia utengenezaji wa sanamu za shaba zilizotobolewa kwenye kila nukta, zikatumika kuwafundisha na kuwatahini wanafunzi. Mafundisho yanayodai usahihi wa kiasi hicho yanapimika, kwa sababu ikiwa uponyaji umefungamana na mahali penyewe, anayechomwa pembeni hatarajiwi kupata nafuu sawa na anayechomwa panapostahili.

Kulipima dai hilo ni kugumu kuliko kupima kidonge, kwa kuwa kidonge bandia kisicho na dawa ndani yake hufanana kwa urahisi na cha kweli, ilhali mgonjwa huihisi sindano na kuiona. Mwaka 1998 Konrad Streitberger na Jürgen Kleinhenz, watafiti wa Heidelberg, walieleza sindano ya kulinganishia yenye ncha butu, ambayo chuma chake hakikukazwa kwenye mpini: inapobonyezwa, ncha hugusa ngozi na kumpa mgonjwa hisia ya kuchomwa, kisha chuma huteleza na kuingia ndani ya mpini, hivyo sindano huonekana kuwa imezama mwilini, huku pete ndogo iliyofunikwa kwa plasta ikiishikilia isianguke. Ubunifu huo unastahili heshima, ingawa una mpaka wake, kwa maana hata ncha butu huamsha mishipa ya fahamu iliyo chini ya ngozi.

Waliopanga majaribio makubwa ya Ujerumani, yanayojulikana kwa jina la GERAC, walichagua njia nyingine. Katika jaribio la maumivu sugu ya kiuno, wagonjwa 1,162 waligawanywa kwa nasibu, bila daktari wala mgonjwa kuchagua, katika makundi 3. Kundi la kwanza lilichomwa sindano kwenye nukta za Kichina, kwa kina cha milimita 5 hadi 40, na sindano zikachezeshwa mpaka mgonjwa apate hisia ya uzito au ganzi ambayo Wachina huiita de qi. Kundi la pili lilichomwa sindano halisi, lakini mbali na nukta zinazotambuliwa, kwa kina cha milimita 1 hadi 3 tu, na bila kuzichezesha. Kundi la tatu lilipewa tiba ya kawaida ya dawa, tiba ya viungo na mazoezi. Vikao vilikuwa 10, na matokeo yalipimwa baada ya miezi 6.

Waliopata nafuu iliyokubalika kwa vigezo vya jaribio walikuwa asilimia 47.6 katika kundi la kwanza, asilimia 44.2 katika la pili, na asilimia 27.4 katika la tatu. Nguvu ya mpangilio huu iko katika kutenganisha maswali mawili ambayo kwa kawaida huchanganywa. Swali la iwapo mgonjwa wa kiuno hufaidika zaidi kwa sindano kuliko kwa tiba ya kawaida lilijibiwa kwa ndiyo iliyo wazi. Swali la iwapo nukta na kina cha kuchoma ndivyo vinavyoleta faida hiyo halikupata uthibitisho, kwa kuwa tofauti kati ya makundi mawili ya kwanza ilikuwa ndogo kiasi cha kuweza kutokana na bahati. Anayenukuu jibu moja na kulificha lingine, awe mtetezi au mpinzani wa tiba hii, anawadhulumu wagonjwa.

Hata jibu la kwanza linahitaji uangalifu. Waliopewa tiba ya kawaida walijua kwamba hawakupata sindano, na wengi wao walikuwa wameugua kwa miaka mingi huku tiba za aina hiyo zikishindwa kuwaponya. Matarajio ya mgonjwa, ambayo katika maumivu yana uzito mkubwa, hayakuwa sawa katika makundi yote. Aidha, waliochoma sindano walijua ni nani anayechomwa kwenye nukta za Kichina, jambo lisiloepukika, na huenda mikono yao ilifikisha ujumbe ambao midomo haikuutamka.

Jaribio sambamba la maumivu ya goti yatokanayo na kusagika kwa gegedu lilitoa sura ileile, asilimia 53.1, 51.0 na 29.1, ilhali katika kipandauso makundi yote 3 yalikaribiana. Aprili 2006 kamati ya kitaifa inayoamua huduma zinazolipiwa na bima ya afya Ujerumani ilikubali akupancha kwa kiuno na goti, ikaikataa kwa maumivu ya kichwa, na ikamtaka daktari anayeitoa awe na mafunzo ya ziada ya akupancha, yakiwemo ya nukta zilezile ambazo jaribio halikuweza kuonyesha umuhimu wake.