Mpenzi Asiyejibiwa: Barua za "Stan"

Wimbo "Stan" wa mwanamuziki wa Marekani, Eminem, uliotoka mwaka 2000 katika albamu The Marshall Mathers LP, huelezwa mara nyingi kuwa kisa cha shabiki mwendawazimu. Kwa maoni yangu, wimbo huu unahusu zaidi upweke, na upweke huo unajengwa na fani yenyewe.

Wimbo una beti nne ndefu. Mbili za kwanza ni barua za Stan kwa msanii anayemhusudu. Ubeti wa tatu ni maneno anayojirekodi kwenye kaseti huku akiendesha gari, amelewa. Wa nne ni jibu la msanii, nalo linaandikwa Stan akiwa amekwisha kufa. Nafsineni yupo na nafsinenewa yupo, lakini mazungumzo hayapo. Tulinganishe na riwaya ya Mariama Bâ iliyotafsiriwa kwa jina Barua Ndefu Kama Hii. Ramatoulaye naye anaandika bila kujibiwa, ila Aissatou ni shoga yake wa tangu utotoni. Stan anamwandikia mtu asiyemjua.

Kiswahili kinatusaidia hapa. Mtangazaji wa redio asemapo "wapenzi wasikilizaji" anawahutubia maelfu. "Mpenzi" wa barua ya mapenzi ni mmoja tu. Stan amezichanganya maana hizo mbili. Donald Horton na R. Richard Wohl walikwisha kuueleza ukaribu huu wa kudhania, baina ya watazamaji na watu wa redio na televisheni, tangu mwaka 1956.

Hata hivyo, Stan hakukosa watu. Ana mdogo wake, Matthew, mwenye umri wa miaka sita, na ana mwenzi mjamzito. Kinaya ni kwamba analalamika hasikilizwi, ilhali yeye hawasikilizi walio karibu naye. Mwanamke huyo anakufa pamoja naye, akiwa amefungiwa kwenye buti la gari.

Hapa ndipo ninapoona kasoro ya wimbo. Mwanamke hana jina wala ubeti. Kiitikio cha Dido, kilichotoka katika wimbo wake "Thank You", chaweza kusomwa kama sauti yake, maana Dido ndiye aliyeigiza nafasi hiyo kwenye video. Wapo watakaosema ukimya huo ni wa makusudi. Huenda, lakini msikilizaji humaliza wimbo akimlilia Stan, na aliyekuwa mpweke kuliko wote anasahaulika.

Mwaka 2019 kamusi ya Merriam-Webster iliingiza neno "stan" kwa maana ya shabiki aliyepindukia, na wengi hujiita hivyo kwa fahari. Wimbo huu wafaa kuingizwa darasani. Tunapofundisha uandishi wa barua tunasahihisha anwani, tarehe na mwisho wake. Tumwulize mwanafunzi na hili: huyu unayemwandikia, anakujua? Na nyumbani kwako, ni nani anayengoja umjibu?