Mwalimu na Maharage ya Oktoba

Kamina, mji wa Kongo, uko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta, na miti yake huchipua kwa kalenda yake yenyewe. Shule zinafunguliwa Septemba, vumbi la kiangazi likiwa bado limelala juu ya mapaa, na wakati huohuo miombo inayouzunguka mji inavaa majani mapya, mengi yake mekundu, kabla hata tone moja la mvua halijaanguka. Oktoba mvua inafika. Mama anashika jembe, kumbikumbi wanaruka jioni, njia ya shule inageuka matope. Mwalimu wa darasa la pili mjini humo anayejua kazi yake anayachukua hayo yote na kuyafanya somo. Kazi yake inastahili kutazamwa polepole.

Inaanza watoto wakishakwenda nyumbani. Mwalimu anachukua chupa tupu ya plastiki na kuikata shingo kwa wembe. Mkono wenye wembe unatulia palepale, chupa ndiyo inayozungushwa, ili ukingo usibaki na meno ya kuchana vidole vya watoto. Anapasha msumari kwenye mkaa na kutoboa matundu matatu chini, maji yapate pa kutokea. Anakunja karatasi nyeupe na kuilaza ndani, ikibana ukuta wa chupa, kisha anajaza mchanga uliooshwa mpaka karibu na ukingo. Maharage anayachagua moja moja. Yaliyotobolewa na wadudu anayatenga, yenye mikunjo pia. Yaliyo mazima yanalala ndani ya maji usiku kucha.

Asubuhi, kila benchi linapewa maharage mawili: moja kavu, moja lililolala majini. Swali ni moja tu: mnaona nini? Halafu mwalimu ananyamaza. Hapo ndipo ufundi wake unapoanza kuonekana, kwa sababu kunyamaza mbele ya darasa zima ni kazi ngumu kuliko kusema. Mtoto mmoja anajibu kwamba hili ni kubwa. Mwingine anasema ngozi yake imelegea. “Aksanti, mama. Na wewe, papa, unaona nini kingine?” Kila jibu linapokewa, na hakuna anayeharakishwa. Kisha anabana harage lililolowa kwa ukucha wa kidole gumba, ngozi inabanduka, na lenyewe linafunguka vipande viwili. Katikati kimelala kimmea kidogo, tayari na vijani vyake. Hasemi ni nini. Anapita na kiganja wazi, benchi kwa benchi, mpaka watoto wanasema wenyewe.

Upandaji unafuata. Kwa ncha ya kidole anayateremsha maharage kati ya karatasi na ukuta wa chupa, mahali ambapo kila kitu kitaonekana. Moja analigeuzia jicho juu, la pili jicho chini, la tatu ubavu. Kila safu ina chupa nne. Ya kwanza inamwagiliwa na kuwekwa dirishani. Ya pili inabaki kavu. Ya tatu inamwagiliwa na kufunikwa kwa boksi, gizani kabisa. Ya nne haina matundu, na maji yanaufunika mchanga wote. Watoto wanatabiri zipi zitaota. Utabiri wa kila benchi anauandika pembeni mwa ubao, na haufuti, hata ubao ukihitajika kwa hesabu.

Baada ya siku chache ngozi inapasuka, na kinachotoka kwanza ni mzizi. Unashuka chini, hata kwa harage lililogeuzwa juu chini. Watoto wanabisha, kwa hiyo mwalimu analaza chupa moja ubavu, na baada ya siku mbili mzizi umepinda kutafuta chini upya. Chupa kavu haijabadilika. Ile iliyojaa maji inanuka: maharage yameoza, kwa kuwa mbegu nayo inahitaji hewa. Kisha anaondoa boksi. Benchi karibu zote zilisema gizani hakuna kitakachoota. Kumbe kimeota, tena kirefu kupita cha dirishani, chembamba na cha manjano. Utabiri bado uko ubaoni, na hakuna anayechekwa. Mwalimu anauliza tu: chakula kimepatikana wapi humo gizani? Jibu linachukua muda, naye anauacha muda huo upite. Hatimaye mtoto mmoja anaonyesha vile vipande viwili vya harage: vimesinyaa. Mmea umekuwa ukila akiba yake.

Juma linalofuata anarudia kazi ileile kwa mahindi, yale yale ya bukari (ugali). Hapa punje inabaki chini ya mchanga, na jani linatoka peke yake likiwa limejikunja. Watoto wanaweka mche wa harage na mche wa hindi bega kwa bega, wanachora vyote viwili, na wanapata tofauti bila kuikariri.

Chupa hizohizo zinazaa masomo mengine. Kila asubuhi mwalimu anakata ukanda wa karatasi wenye urefu sawa na mche na kuubandika ukutani karibu na ule wa jana, hadi watoto waione wazi siku ambayo mmea ulikimbia zaidi. Urefu wanauhesabu kwa vijiti, na kila kumi vinafungwa kwa uzi. Katikati ya Oktoba jua la Kamina linapita wima juu ya kichwa, muda mfupi baada ya saa sita mchana. Anachomeka fimbo uani, na watoto wanatazama kivuli kikifupika mpaka kinaishia miguuni pa fimbo.

Kisha lugha. Kiswahili ni mojawapo ya lugha 4 za taifa katika Katiba ya 2006, lakini watoto wengi hapa wanatoka nyumbani na Kiluba. Mwalimu anamwacha mtoto aseme kwanza kwa Kiluba, analipokea neno, kisha analiandika kwa Kiswahili. Kifaransa kina zamu yake. Ubaoni linakaa neno “mizizi”. Analikata kwa mkono: mi, zi, zi. Anaichukua z peke yake: za, ze, zi, zo, zu. Vibao vidogo vinainuliwa, anavisoma kimoja kimoja, na penye kosa anaweka nukta ndogo ya chaki ili mwenyewe atafute.

Tangu Septemba 2019 serikali ya Kongo ilipoanza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo katika shule za umma, watoto wameongezeka madarasani. Katika darasa lililojaa, chupa moja mezani inaonekana na waliokaa mbele tu. Ndiyo maana mwalimu huyu anatengeneza chupa kwa kila safu, kwa wembe wake na muda wake wa jioni. Kinachomfanya fundi ni uvumilivu: anajua jibu tangu siku ya kwanza, na anasubiri siku kumi ili mtoto alipate kwa macho yake.

Kwa hiyo, wenye mamlaka, mlipeni kwa wakati, mpunguzieni msongamano, na msimpime kwa idadi ya kurasa alizomaliza. Nawe mzazi, mvua za Oktoba zikianza, mpe mtoto wako chupa tupu na konzi ya maharage mazima apeleke shuleni.