Kibaba cha Seva

"Fundi, ripoti haitoki." Simu ya mwenye duka la vipuri, saa moja asubuhi, mwisho wa mwezi. Kwenye daftari la makosa PHP ilikuwa imeniachia namba moja: baiti 134,217,728 zimekwisha. Zigawe kwa 1,024 mara mbili unapata 128, megabaiti ambazo PHP huruhusu skripti moja iwapo hakuna aliyegusa mipangilio.

Mwenye haraka hufungua php.ini, akatafuta memory_limit, akaandika 512M. Nilifanya hivyo, sikatai, nikarudi kunywa chai. Nilisahau kwamba kikomo kile ni cha kila ombi, si cha seva nzima. Makarani wanne wakibonyeza pamoja wameruhusiwa megabaiti 2,048, na seva yenyewe ilikuwa na gigabaiti 2 tu. Siku ya hesabu za mwaka wakabonyeza pamoja. Linux, ilipobanwa, ikaanza kuua programu ili ijiokoe. Ikaanza na hifadhidata. Duka likasimama hadi adhuhuri.

Hapo ndipo nilipojifunza kupima. Niliweka memory_get_usage() kabla na baada ya kila hatua, kama mpishi anayeonja kila anapotia kitu chunguni. Kabla ya mstari wa tisa, chini ya megabaiti 1. Baada yake, karibu 400. Mstari wenyewe ulikuwa mfupi: file(), unaolibeba faili zima la mauzo kwa mkupuo, hali ripoti ilitaka kuliangalia mstari kwa mstari na kujumlisha.

(Ukiiambia memory_get_usage() true, hutaja kiasi ambacho PHP imekwishachukua kwa mfumo, na PHP za leo huchukua kwa mafungu ya megabaiti 2. Unanunua kwa gunia, unapika kwa kibaba. Wengi hugombana na namba hizi mbili bure.)

Nikaweka fgets() ndani ya kitanzi: soma mstari, jumlisha, achilia, chukua mwingine. Kilele hakikufika megabaiti 1. Tangu PHP 5.5 ya mwaka 2013 kuna pia yield, inayoifanya kazi hiyo kwa unadhifu unaonifurahisha kuliko inavyostahili.

Kikomo nilikirudisha, nikakishusha hadi 16. Mwaka uliofuata faili lilikuwa limenenepa maradufu. Nilikwenda kutazama kilele: kilikuwa palepale.