Staringi na Shujaa: Juu ya Hadithi za Nguvu za Ajabu

Miongoni mwa hadithi wanazozipenda watoto wetu wenye umri wa kati ya miaka 9 na 13, zile za mashujaa wa kigeni wenye nguvu za ajabu zimeshika nafasi ambayo mhakiki hawezi tena kuipuuza. Spider-Man yumo kwenye mikoba ya shule, kwenye fulana za mitumba, kwenye kandambili, na katika michezo ya simu wanazoazimwa na wazazi wao. Wako walimu wanaozihesabu hadithi hizi kuwa takataka za kibiashara na kuzinyang'anya darasani. Wako wengine wasemao mtoto na asome chochote, mradi anasoma. Sisi hatuafikiani na upande wowote, kwa kuwa pande zote mbili zinaikwepa kazi ya uhakiki, yaani kuuliza hadithi hizi zinasema nini juu ya nguvu: nani anayo, kaipata wapi, na anaitumia kwa faida ya nani.

Tuanze na yule aliyewatangulia wengi. Superman alitokea mara ya kwanza mwaka 1938 huko Marekani, katika toleo la kwanza la Action Comics. Waliomtunga, Jerry Siegel na Joe Shuster, walikuwa vijana wa familia za Kiyahudi zilizohamia kutoka Ulaya, na walimbuni wakiwa Cleveland katika miaka ya mdororo mkuu wa uchumi. Katika toleo hilo shujaa wao anamwokoa mwanamke asiye na hatia anayekaribia kuuawa kwa hukumu ya mahakama, anamwadhibu mwanamume anayempiga mkewe, na anamwandama mshawishi anayemchafua mwakilishi wa wananchi. Mwaka 1939 anabomoa mtaa mzima wa mabanda ili serikali ilazimike kuwajengea maskini nyumba bora. Huyu alikuwa mtetezi wa wanyonge hasa. Lakini watungaji wenyewe walikwisha kuuza haki za shujaa wao kwa dola 130 tu, naye akawa mali ya kampuni. Miaka ilivyozidi kwenda, mbomoaji wa mabanda akageuka mkamataji wa wezi wa benki. Historia hiyo fupi yatosha kumwonyesha mwanafunzi kwamba maudhui ya kazi ya sanaa hayaelei hewani. Mwenye kuimiliki kazi ana usemi juu ya mwelekeo wake.

Spider-Man, aliyebuniwa na Stan Lee na Steve Ditko mwaka 1962, ni kazi iliyokomaa zaidi, na tunaona ni haki kuisifu. Peter Parker ni mwanafunzi wa sekondari, yatima, mwenye kudhihakiwa na wenzake. Anaumwa na buibui mwenye mnururisho, mwili wake unabadilika, naye analificha jambo hilo. Mtoto wa miaka 12 anayeisoma habari hii hahitaji kuelezwa. Mwili wake mwenyewe unabadilika, na yeye pia ana mambo ambayo hawezi kuwaambia wakubwa. Isitoshe, kosa la Peter ni kosa la kweli. Anaitumia nguvu yake kutafutia fedha na sifa, anamwacha mwizi apite kwa sababu hayamhusu, na mwizi huyo huyo baadaye anamuua Ben aliyemlea. Ben ni ndugu wa baba yake. Tafsiri nyingi humwita mjomba, hali ujomba ni wa upande wa mama. Kwa hesabu ya kwetu aliyekufa ni baba, na hadithi hupata uzito mwingine kabisa ikisomwa hivyo.

Kasoro yake iko kwenye kinyago. Nguvu ya Peter ni siri, na jamii anayoihudumia haimjui, haimtumi wala haimwajibishi. Majirani kazi yao ni kupiga mayowe na kutazama juu. Mtoto anayelishwa picha hii kila siku hufundishwa kwamba shida za umma hutatuliwa na mtu mmoja usiku, na kwamba umati ni kitu cha kuokolewa tu.

Hapo ndipo tunapomkumbuka Fumo Liyongo, shujaa wa pwani yetu, ambaye Muhamadi Kijumwa alimtungia utenzi mwaka 1913. Liyongo naye ana nguvu kupita kiasi cha binadamu. Lakini angalia namna anavyotoka gerezani. Mama yake anaoka mkate wa makapi, ndani yake anaficha tupa, akijua walinzi watautwaa mkate mwema na kumwachia mfungwa ulio duni. Mjakazi Saada ndiye anayeubeba. Wapiga ngoma wanafanya vishindo ili mlio wa tupa juu ya chuma usisikike. Jitu lile lenye nguvu lisingetoka bila mwanamke mpishi, mtumwa na wachezaji ngoma. Na anapokufa, anauawa na mwanawe mwenyewe, aliyeijua siri ya kitovu na sindano ya shaba, akashawishiwa kwa ahadi za mfalme. Amepiga magoti kisimani, upinde mkononi, maiti, na mji mzima unakaa kwa kiu kwa kuwa hakuna athubutuye kumkaribia. Waluo nao wana Lwanda Magere, ambaye udhaifu wake ulikuwa kivuli chake, na siri hiyo ilitoka nje kwa mkono wa mke aliyeozwa kutoka kwa maadui. Superman ana jiwe la kutoka sayari yake. Jiwe halina hatia, halisaliti mtu; ni hila ya mtunzi tu. Katika masimulizi yetu udhaifu wa shujaa unapita nyumbani mwake, na msikilizaji analazimika kuuliza juu ya tamaa, ndoa na watawala.

Watoto wa mijini wana neno lao kwa mhusika mkuu wa filamu, "staringi", na wana kanuni yao iliyotoka kwenye mabanda ya video: staringi hafi. Hiyo ni kanuni ya kihakiki, tena sahihi. Staringi hafi kwa sababu akifa biashara inakwisha. Na hata Superman alipouawa katika toleo la mwaka 1992, alirudi mwaka uliofuata. Liyongo alikufa mara moja.

Tofauti hiyo inaonekana hata michezoni. Katika kombolela mmoja hubaki akilinda kopo na wengine hujificha. Wanaoonekana hushikwa mmoja mmoja. Kisha akitokea ambaye bado hajaonekana akalipiga kopo, mateka wote wanaachiwa. Mwokozi wa jioni hii ndiye mlinzi au mateka wa kesho. Mchezo wa simu humpa mtoto ushujaa wa kudumu na vifo vya sekunde chache, na mara nyingi uhai wa ziada hununuliwa kwa fedha. Hatutaki simu zivunjwe. Tunataka mwanafunzi aweze kuieleza tofauti hii kwa maneno yake.

Lawama nyingine ni yetu sisi tulioshika kalamu, tuliouacha uwanja wa masimulizi ya picha ukawa wa wageni. Juhudi zimekuwapo: mfululizo wa Pichadithi nchini Kenya, katika miaka ya 1980, ulizigeuza ngano za Kiafrika kuwa vitabu vya picha. Mwaka 2021 ikatoka katuni ya Super Sema, yenye msichana shujaa anayetumia sayansi. Ajabu ni kwamba jina lake ni Kiswahili, kijiji chake kinaitwa Dunia, na mazungumzo yalitoka kwanza kwa Kiingereza.

Kazi iliyotukuna zaidi ni filamu ya Supa Modo ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Likarion Wainaina. Wahusika wanazungumza Kiswahili, Kikuyu na Kiingereza kama watu wasemavyo. Jo, msichana wa miaka 9 mwenye maradhi yasiyopona, anarudishwa nyumbani kutoka hospitali. Anapenda filamu za mashujaa kupita kiasi, naye anaota kuwa mmoja wao. Dada yake anaanza kupanga visa ili Jo aamini ana nguvu, mama anapinga kwa uchungu, na hatimaye kijiji kizima kinaingia katika kutengeneza filamu ambayo Jo ndiye staringi wake. Vinyago na mavazi ni vya Marekani. Utaratibu wa kazi ni ule wa Saada na wapiga ngoma. Na Jo anafariki. Mwongozaji angeweza kumponya kwa muujiza katika dakika za mwisho, kama soko la filamu za aina hii lilivyozoea, naye hakufanya hivyo.