Fundi wa Maji Maangavu

Rasi ya Afungi, kaskazini mashariki mwa Msumbiji, iko karibu nyuzi 11 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, Februari na Oktoba. Mvuvi wa Ghuba ya Palma hulijua hilo kwa ngozi yake. Mwenye tangi la samaki nyumbani hulijua kwa rangi ya maji. Tangi jipya hung'aa, kila gamba la samaki likahesabika. Halafu asubuhi moja maji yana rangi hafifu ya chai ya mchaichai, na haupiti muda samaki hawaonekani tena mpaka wasogee kugusa kioo kwa midomo. Namsifu hapa mtu anayejua kuyarudisha maji hayo bila kumuua samaki hata mmoja, kwa sababu ufundi wake ni mkubwa kuliko unavyodhaniwa.

La kwanza analolijua ni kwamba kijani kile si uchafu. Ni mwani hai, mimea ya chembe moja moja inayoelea, mingi ikiwa na upana wa elfu chache tu za milimita. Sponji ya chujio ina matundu makubwa mno kwake. Mwani hupita na kutoka upande wa pili ukiwa mzima. Unahitaji mwanga na mbolea, na vyote viwili tumeuwekea wenyewe: dirisha la mashariki, na chakula tunachowamwagia samaki kwa mapenzi. Chakula kilichobaki huoza, samaki hutoa amonia, fosfati hujikusanya chini. Kisima kilicho karibu na choo au shamba lililotiwa mbolea huongeza naitreti yake kabla hata samaki hawajatiwa.

Mwenye haraka humwaga nusu ya maji. Jioni tangi linapendeza, naye hujisifu. Lakini katika joto letu mwani huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja, kwa hiyo nusu iliyobaki hurudi kuwa nzima baada ya siku moja au mbili, tena ikiwa imeletewa mbolea mpya na maji ya kisimani. Akirudia, analisha kile anachopigana nacho. Fundi hukaa kwanza akatazama. Huchota maji kwenye bilauri, akaiweka juu ya karatasi nyeupe: yakiwa ya kijani ni mwani, yakiwa meupe kama yana ukungu ni bakteria, na hao dawa yao ni nyingine.

Analijua pia jambo ambalo wengi hawalitarajii, kwamba samaki mwenyewe halalamiki. Mfugaji wa perege huyatafuta maji hayo hayo kwa samadi. Hutumbukiza mkono bwawani mpaka kwenye kiwiko. Kiganja kikipotea machoni, anajua chakula cha samaki kipo. Na kaskazini mashariki mwa Msumbiji wapo samaki wadogo wa rangi kali, wa jenasi ya Nothobranchius, wanaoishi katika madimbwi ya mvua yenye maji mazito. Mmoja wao, Nothobranchius hengstleri, aliingizwa katika vitabu vya sayansi mwaka 2007. Dimbwi hukauka, wazazi hufa, mayai hungoja ndani ya tope mpaka mvua nyingine. Samaki wa namna hii hakuzaliwa kwenye maji ya kioo. Mbuna, samaki wa Ziwa Niassa, ndiye aliyezoea kuonwa kutoka mbali katikati ya miamba. Kwa hiyo tuseme kweli: mara nyingi uangavu tunautaka kwa ajili ya macho yetu. Sioni aibu katika hilo. Kutaka kumwona vizuri kiumbe unayemlisha ni haja njema.

Hatari ya kweli iko alfajiri. Mchana mwani hutoa oksijeni. Usiku wote huivuta pamoja na samaki. Maji ya nyuzi joto 20 huweza kubeba miligramu 9 hivi za oksijeni kwa lita, lakini ya nyuzi 30, ambayo ndiyo ya chumba cha pwani wakati wa kaskazi, hubeba kama saba na nusu tu. Ukiamka kabla ya jua ukakuta samaki wamejipanga juu, midomo ikifunguka na kufungika kwenye ngozi ya maji, usingoje. Pampu ya hewa iwashwe, na umeme ukikatika, chota maji kwa kikombe uyamimine kutoka juu, tena na tena.

Halafu huja tiba yenyewe, giza, na hapa ndipo ninapompenda fundi huyu zaidi. Huacha kulisha. Huzima taa. Huchukua blanketi, na juu yake kitambaa kizito cha kapulana, akalifunga tangi pande zote asiache ufa, kwa sababu mwanga wa ufa mmoja watosha kuulisha mwani. Pampu ya hewa huachwa ikivuma. Hukaa hivyo siku tatu au nne. Samaki wazima huvumilia, na mimea yenye mizizi na akiba huvumilia. Mwani unaoelea hauna akiba ya kutosha. Kazi yote ni kutofunua. Watoto wataomba kuchungulia, mgeni atauliza kilichofichwa, na yeye mwenyewe mkono utamwasha. Fundi hujizuia. Siku ya kufunua hupitisha tochi ubavuni: maji yakiwa bado na mwani, mwali wake huonekana kama fimbo, yakisafika, mwali haupo, kuna doa tu la mwanga kwenye ukuta wa pili. Hapo hufyonza kwa mpira masalia ya mwani uliokufa, maana yakioza yatakula oksijeni, na hubadilisha theluthi moja ya maji.

Mbegu za mlonge zilizotwangwa husafisha maji ya tope, na kando ya Nile nchini Sudani wanawake wamezitumia hivyo kwa muda mrefu, kwa sababu protini yake hushika chembe zikazama. Tangini sizitaki. Mabaki yake huoza, na zikizidi huwadhuru samaki. Dawa za dukani zinazoua mwani wote kwa mpigo nazo nazikwepa, kwa kuwa maiti ya mwani wote hukaa humo humo.

Ninayemkubali ni Robert Warington, mkemia wa London, ambaye mwaka 1850 alieleza jinsi alivyowaweka samaki wa dhahabu, mmea wa majini na konokono pamoja. Majani yalipoanza kuoza na kuchafua maji, konokono waliyala. Alimtafutia kila mmoja kazi yake. Fundi wetu hufanya vivyo hivyo: huhamisha tangi mbali na dirisha, huweka mimea inayokua upesi ili imalize mbolea kabla ya mwani, na hulisha kiasi kinacholiwa mara moja kikaisha.

Mtu anaweza kuuliza kama hili linafaa kuandikwa mahali ambapo gesi iligunduliwa baharini mwaka 2010, watu wa kijiji cha Quitupo wakahamishiwa Quitunda kupisha mradi wa gesi hiyo, na mwezi Machi 2021 mji wa Palma ukashambuliwa na maelfu wakakimbia. Nadhani linafaa hasa huku. Tumezoea mabadiliko yanayotujia kwa kishindo, yakiwa yameamuliwa na watu wa mbali. Tangini, chanzo na matokeo vinakaa karibu, na mtu yeyote mwenye macho na subira huweza kukifuata kitu mpaka mzizi wake, akakishika.

Fundi aliyekomaa haumwagi mwani wote. Kabla ya kufunika tangi hujaza chupa moja ya maji ya kijani na kuiweka juani, mdomo umefungwa kitambaa ili mbu wasitage, akiitikisa kila siku mwani usilale chini. Kwenye beseni la pembeni hufuga viroboto wa maji, wale wadogo wanaostahimili joto, na kila siku huwamiminia kidogo cha kijani hicho. Viroboto hunenepa, na makinda ya samaki, ambayo midomo yao bado ni midogo kwa chakula cha dukani, hupata cha kuwinda.